Mwanamke Peke Yake Mbele ya Saa

Katika lugha yetu neno saa hubeba maana mbili kwa pamoja: ni chombo kinachotundikwa ukutani au kufungwa mkononi, na ni ule muda wenyewe ambao chombo hicho huupima, na kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kufahamu asili ya mbio ninazokusudia kuzieleza hapa, kwa kuwa aingiaye katika mbio hizo hashindani na mtu anayemwona ubavuni pake, bali hushindana na saa kwa maana zake zote mbili. Mpanda baiskeli hupandishwa juu ya jukwaa dogo lenye mteremko. Mtu mmoja humshikia baiskeli kwa nyuma ili miguu yake yote miwili iwe tayari juu ya kanyagio. Mwingine humhesabia sekunde za mwisho kwa vidole. Kisha huachiwa, akateremka, akaingia njiani peke yake, na baada ya dakika moja au mbili hufuata mwingine, na mwingine tena, mpaka afikiwe bingwa wa mwaka uliopita, ambaye aghalabu kwa taadhima huwekwa nyuma ya wote.

Katika mbio za kawaida za barabarani, ambamo watu mia huondoka pamoja kama kundi la ndege, aliye nyuma hukingwa upepo na aliye mbele, akaenda kwa nguvu chache kuliko mwenzake, hata mwenye hila akaweza kumshinda mwenye misuli kwa kungoja tu mpaka mita za mwisho. Katika mbio za saa kinga hiyo ni haramu: hata ukimfikia aliyekutangulia, huna ruhusa ya kujibanza mgongoni pake, bali yakupasa umpite kwa mbali na kuendelea na safari yako. Ndiyo maana Ulaya wamezoea kuziita mbio za ukweli, na mimi sioni jina lililo bora kuliko hilo.

Ubingwa wa dunia wa mbio za saa kwa wanawake ulianza mwaka 1994. Dai langu, ambalo nitajaribu kulithibitisha kwa tarehe na kwa majina, ni kwamba ulianza kwa kuchelewa sana, na kwamba walioustahiki zaidi walikuwa wamekwisha zeeka ulipofika.

Asili ya mbio hizi ni katazo. Huko Uingereza, katika muongo wa mwisho wa karne ya kumi na tisa, barabara zilikuwa mali ya farasi na magari ya kukokotwa, na mpanda baiskeli aliyekwenda kasi aliweza kukamatwa na polisi na kutozwa faini; chama kikuu cha wapanda baiskeli cha nchi ile, kikiogopa kwamba serikali ingeufuta mchezo wote kwa kosa la wachache, kikawapiga wanachama wake marufuku wasishindane katika barabara za watu. Mwezi Julai 1894 bwana mmoja jina lake Frederick Thomas Bidlake, aliyekuwa hodari wa baiskeli ya magurudumu matatu, alikuwa katika mashindano ya maili 50 pamoja na wenziwe, wakampita bibi mmoja aliyekuwa ndani ya gari la farasi. Farasi akataharuki, wapandaji wakaangukiana rundo moja, na yule bibi akapeleka mashtaka yake kwa polisi. Bidlake akafikiri. Ikiwa kinachowaudhi watu ni kundi, basi na liondolewe kundi; kila mtu na aende peke yake, na mshindi ajulikane kwa saa. Tarehe 5 Oktoba 1895 mashindano ya namna hiyo yakafanywa kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo mtindo ule ukawa ndio ada ya Waingereza kwa zaidi ya nusu karne.

Ilikuwa ada ya siri, na siri ile yastahili kuelezwa. Washindani walivaa nguo nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni ili wasitambulikane kwa mbali kuwa wako mashindanoni. Njia zenyewe hazikutajwa kwa majina ya miji bali kwa herufi na tarakimu ambazo mgeni hakuweza kuzifumbua. Karatasi za ratiba ziliandikwa kuwa ni za faragha. Na safari zilianza alfajiri, saa kumi na moja au saa kumi na mbili, kabla mkulima hajatoka na polisi hajaamka. Mchezo ambao leo hufungiwa barabara za miji mikubwa na kutazamwa na maelfu ulizaliwa na kulelewa mafichoni, na pengine kwa sababu ya mafichoni humo wanawake walipata upenyo ambao wasingeupata katika mchezo ulio hadharani.

Mwaka 1934 wanawake wa Uingereza waliunda chama chao cha kuhifadhi rekodi za barabarani, kwa kuwa kile cha wanaume, kilichokuwapo tangu karne iliyopita, hakikuwapokea. Jambo hili laonekana dogo, lakini hakika ni kubwa. Maana mtu asiyeandikwa daftarini ni kama hakupita, na mwanamke aliyetoka mji hadi mji kwa kasi isiyowahi kuonekana, pasipo shahidi wa kusimama na saa mkononi na pasipo kitabu cha kuandika, alikuwa amechoka bure. Chama kile kiliwapa wanawake mashahidi. Mwaka 1939, katika siku zilezile Ulaya ilipokuwa ikiingia vitani, Marguerite Wilson aliondoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, akaenda mpaka John o'Groats, ncha ya kaskazini-mashariki ya Scotland, mwendo wa takriban maili 870, kwa siku 2, saa 22 na dakika 52, kisha akaendelea mpaka akatimiza maili 1,000. Baada ya vita akaja Eileen Sheridan, mwanamke mfupi wa kimo ambaye hakufika hata futi tano, na mwaka 1954 akaipita njia hiyohiyo kwa siku 2, saa 11 na dakika 7, huku mikono imetoka malengelenge. Naye pia hakutosheka. Akaendelea hadi maili 1,000, macho yakimwonyesha pembeni mwa barabara viumbe visivyokuwapo, kwa sababu ya usingizi alioukataa, na kuzimaliza kwa siku 3 na saa 1. Rekodi yake ya kutoka ncha hadi ncha ilidumu mpaka mwaka 1990.

Yafaa tuulize: katika miaka hiyo yote, wakuu wa mchezo duniani walikuwa wapi? Muungano wa kimataifa wa baiskeli, unaojulikana kwa herufi zake UCI, uliasisiwa Paris mwaka 1900, na haukuwa mgeni wa mbio za saa. Ubingwa wa dunia wa kwanza wa barabarani kwa wanaume wa ridhaa, uliofanywa Copenhagen mwaka 1921, ulikuwa ni mbio za saa, akashinda Gunnar Sköld wa Sweden. Wa mwaka 1922, uliofanywa Uingereza, ulikuwa hivyohivyo. Na mwaka 1931, Copenhagen tena, hata wanaume wa kulipwa walipelekwa njiani mmoja mmoja, akashinda Mwitalia Learco Guerra. Kisha mtindo ule ukaachwa, na mbio za kundi zikatawala. Kwa hiyo wakuu waliujua mchezo na manufaa yake. Wanawake ndio ambao hawakujulikana kwao, kwa maana hawakuwa na ubingwa wa aina yoyote, si wa kundi wala wa saa, mpaka mwaka 1958, baada ya madai ya miaka mingi ambayo Eileen Gray wa Uingereza alikuwa miongoni mwa walioyapigania kwa bidii zaidi.

Mwaka huo wa 1958 una sadfa ambayo siwezi kuipita kimya. Tarehe 30 Agosti, huko Reims, Ufaransa, Elsy Jacobs, binti wa nchi ndogo ya Luxembourg, alishinda ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake wa barabarani, akafika peke yake akiwaacha wengine nyuma. Tarehe 9 Novemba, katika kiwanja cha Vigorelli mjini Milan, aliingia mzungukoni kupambana na saa moja kamili, akaendesha kilomita 41.347 kabla haijaisha, na rekodi hiyo ikakaa miaka kumi na minne bila ya kuguswa. Na baina ya siku hizo mbili, tarehe 31 Oktoba, alizaliwa Ufaransa mtoto aliyeitwa Jeannie Longo, ambaye tutamkuta mbele. Elsy Jacobs alikuwa ameonyesha wazi, ndani ya majira mamoja, kwamba mwanamke aliyeweza kulishinda kundi aliweza pia kuishinda saa. Dunia ikampa jezi kwa lile la kwanza, na kwa la pili ikampa mstari mmoja katika kitabu cha rekodi.

Sasa nifike kwa Beryl Burton, na kwake nitakaa, kwa kuwa sidhani kama yupo mtu mwingine ambaye maisha yake yanaieleza habari hii kwa ukamilifu zaidi. Alizaliwa Leeds mwaka 1937. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja alishikwa na homa ya baridi yabisi iliyomlaza hospitalini kwa miezi na kumpooza kwa muda, na waganga wakawaonya wazee wake kwamba moyo wa mtoto huyu usichoshwe. Alipoolewa na Charlie Burton, mumewe alikuwa mpanda baiskeli, naye akamfuata mumewe katika chama cha Morley. Na baada ya miaka michache mume akawa ndiye mtengenezaji wa baiskeli na mbeba mizigo, ilhali mke amekuwa bingwa. Hakuwa mtu wa kulipwa. Alifanya kazi shambani, akiinama na kubeba katika baridi ya Yorkshire, na jioni alipanda baiskeli.

Katika Uingereza kuna tuzo itolewayo kila mwaka kwa mpandaji ambaye wastani wa kasi yake katika mbio za saa za masafa mbalimbali umewapita wote. Beryl Burton aliitwaa tuzo ya wanawake mwaka 1959, akaitwaa mwaka uliofuata, na uliofuata huo, hata akatimiza miaka 25 mfululizo asishindwe hata mara moja. Watoto waliozaliwa alipoanza walikuwa wameoa na kuolewa alipokuwa bado anashinda.

Mwezi Septemba 1967 aliingia katika mashindano ya saa kumi na mbili, ambayo humtaka mpandaji aendeshe tangu asubuhi hadi jioni na kuhesabiwa maili alizozipata. Wanaume walitangulia kuachiwa mmoja mmoja, na wa mwisho wao alikuwa Mike McNamara, aliyekuwa katika siku ya maisha yake, maana jioni ile angeivunja rekodi ya wanaume ya Uingereza. Beryl aliachiwa dakika mbili nyuma yake. Saa baada ya saa aliwapita waliomtangulia, mpaka akabaki mmoja tu mbele, naye ndiye McNamara. Akamfikia, na alipokuwa sambamba naye, akiona haya kumpita mtu aliyekuwa akifanya kazi kubwa namna ile, aliingiza mkono mfukoni akatoa peremende, akampa. McNamara akaipokea, akamshukuru, na Beryl akaenda zake. McNamara alimaliza na maili 276.52, rekodi mpya ya wanaume. Beryl alimaliza na maili 277.25. Kwa muda wa miaka miwili rekodi ya mwanamke ilikuwa kubwa kuliko ya mwanamume yeyote wa nchi ile, na katika hesabu ya wanawake haikupitwa mpaka mwaka 2017, miaka 50 baadaye, naye amekwisha fariki.

Mwanamke huyu alikuwa bingwa wa dunia mara saba: mara mbili barabarani, mwaka 1960 na 1967, na mara tano katika mbio za kufukuzana ndani ya kiwanja, ambazo kwa wanawake zilikuwa za kilomita tatu tu. Tazama basi mambo yalivyokuwa. Stadi aliyokuwa nayo kuliko binadamu yeyote wa zama zake, ya kwenda peke yake kwa kasi moja kwa saa nzima na zaidi, haikuwa na ubingwa wa dunia wala nafasi katika Olimpiki. Hivyo kila alipokwenda ng'ambo kuvaa bendera ya nchi yake ilimpasa acheze mchezo wa watu wengine, wa dakika nne kiwanjani au wa hila za kundi barabarani. Mwaka 1967 huko Heerlen, Uholanzi, alilitatua tatizo hilo kwa njia yake mwenyewe: aliondoka kundini, akawachosha waliojaribu kumfuata, akaifanya mbio ya kundi kuwa mbio ya mtu mmoja, akafika peke yake.

Hatua ya kwanza ya wakuu ilikuwa ya nusu. Mwaka 1987 walianzisha mbio za saa za timu kwa wanawake, wanne kwa pamoja wakipokezana kukata upepo, na zikaendelea hadi mwaka 1994. Mwaka huo, katika kisiwa cha Sicily, ndipo mwanamke alipopandishwa juu ya jukwaa peke yake kuutafuta ubingwa wa dunia, sawia na wanaume, ambao nao ubingwa wao wa saa ulianza siku zizo hizo na kuchukuliwa na Mwingereza Chris Boardman. Aliyeshinda kwa wanawake alikuwa Karen Kurreck wa Marekani. Wa pili Anne Samplonius wa Kanada. Wa tatu Jeannie Longo wa Ufaransa. Beryl Burton alikuwa hai, na umri wake ulikuwa miaka 57. Alifariki mwezi Mei 1996, akiwa juu ya baiskeli yake, amekwenda kugawa barua za mwaliko wa siku yake ya kuzaliwa. Na majira ya joto ya mwaka huohuo, mjini Atlanta, mbio za saa za wanawake zikafanywa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, akashinda Zulfiya Zabirova wa Urusi.

Longo hakuwa mtu wa kuridhika na nafasi ya tatu. Mwaka 1995 alishinda katika milima ya Colombia, ambako hewa ni nyepesi na pumzi huwa haba; akashinda Lugano mwaka 1996; akashinda San Sebastián mwaka 1997; na watu walipokwisha kumwandikia khatima, akarudi mwaka 2001 huko Lisbon akashinda tena, zikiwa zimebaki wiki chache tu atimize miaka 43. Baina ya ushindi wake wa tatu na wa nne alitokea Leontien van Moorsel wa Uholanzi, ambaye habari yake ina uchungu wa namna nyingine: alikuwa ameacha mashindano mwaka 1994 kwa maradhi ya kujinyima chakula, yaliyomkondesha akabaki mifupa, maradhi ambayo huwapata wanawake wa mchezo huu kwa kuwa mizani hugeuka kuwa kadhi wao, naye akapona, akarudi, na mwaka 1998 akatwaa ubingwa wa saa mbele ya watu wake huko Valkenburg, kisha akautwaa tena mwaka 1999.

Majina yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Mari Holden wa Uingereza aliutwaa ubingwa mwaka 2000. Zabirova mwaka 2002. Joane Somarriba wa Hispania mwaka 2003. Karin Thürig wa Uswisi mwaka 2004 na 2005. Kristin Armstrong wa Marekani mwaka 2006 na 2009. Judith Arndt wa Ujerumani mwaka 2011 na 2012. Amber Neben wa Marekani alishinda Varese mwaka 2008, kisha Doha mwaka 2016, katika joto la Ghuba, akiwa na miaka 41. Katika kipindi hicho baiskeli yenyewe ilibadilika: usukani wa kunyoosha mikono mbele ukaenea, gurudumu la nyuma likazibwa likawa kama sinia, na nguo zikabana mwili ili upepo usipate pa kushika, hata UCI ikaona hatari ya mashindano kuwa ya mafundi, ikaweka masharti ya umbo, na uzito usiopungua kilo 6.8. Sharti hilo naliunga mkono, maana pasipo hilo taifa lisilo na karakana lisingekuwa na haja ya kuleta mtu.

Kwa mtu atakaye kufahamu ukatili wa saa, mashindano ya Richmond, Marekani, mwaka 2015, yanatosha. Linda Villumsen, mzaliwa wa Denmark aliyeipandia New Zealand, alikuwa na nishani tano za ubingwa huu, za fedha na za shaba, na hakuna hata moja ya dhahabu. Siku hiyo aliendesha kwa zaidi ya dakika 40, na alipohesabiwa alikuwa amemzidi Anna van der Breggen wa Uholanzi kwa sekunde mbili na nusu, na Lisa Brennauer wa Ujerumani kwa sekunde tano na robo. Muda usiotimia pumzi moja ya mtu aliyelala ndio uliotenga dhahabu na fedha. Na katika orodha ya walioanza siku hiyohiyo limo jina la Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufika katika ubingwa wa dunia. Hakukaribia nishani, wala hakuna aliyemtarajia aikaribie. Lakini alihesabiwa, akaandikwa daftarini, na nimekwisha kusema hapo juu nini maana ya kuandikwa daftarini.

Annemiek van Vleuten alianguka vibaya katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akavunjika mifupa ya mgongo, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa saa huko Bergen, na tena Innsbruck mwaka 2018. Mwaka 2019 mashindano yakaja Yorkshire, nchi ya Beryl Burton, na njia ya wanawake ikatoka Ripon hadi Harrogate, katika siku ya mvua iliyoijaza maji barabara. Chloé Dygert wa Marekani, mwenye miaka 22, alishinda kwa dakika 1 na sekunde 32, mwanya ambao haujawahi kuonekana katika ubingwa huu. Mwaka uliofuata, Imola, akiwa anaongoza, alishindwa kona, akagonga ukingo wa chuma wa barabara, akavuka upande wa pili na kukatwa paja hadi ndani ya msuli. Alihitaji miaka mitatu kurudi kileleni. Na mwaka 2023, Stirling huko Scotland, akautwaa tena ubingwa, safari hii kwa sekunde sita tu, mbele ya Grace Brown wa Australia. Naye Brown, aliyekuwa wa pili mara mbili mfululizo, alishinda Olimpiki ya Paris na ubingwa wa dunia wa Zurich katika mwaka mmoja wa 2024, akastaafu.

Hapa lazima nizungumze juu ya masafa, maana humo ndimo ilimobaki kasoro. Tangu mwanzo njia ya wanawake ilikuwa fupi kuliko ya wanaume, kwa hoja ambayo aghalabu haikuandikwa popote kwa sababu ilichukuliwa kuwa haihitaji ushahidi, nayo ni kwamba mwanamke hawezi. Mwaka 2020, ubingwa ulipohamishiwa Imola kwa ghafla kwa sababu ya maradhi ya korona, wanaume na wanawake walipewa njia moja ya kilomita 31.7, na mwaka 2022, Wollongong, Australia, wakapewa tena njia moja, ya kilomita 34.2, kwa kukusudia. Ellen van Dijk wa Uholanzi alishinda, ukiwa ubingwa wake wa tatu, na hakuna aliyezimia, wala saa haikukataa kuhesabu. Wengi wetu tuliamini kuwa jambo hilo limekwisha. Haikuwa hivyo: mwaka uliofuata wanaume walipewa kilomita 47.8 na wanawake 36.2, na mwaka 2024 wanaume 46.1, wanawake 29.9. Nasema bila tashwishi kwamba huku ni kurudi nyuma, na kwamba watu waliokuwa na kumbukumbu ya peremende ya mwaka 1967 wasingethubutu kufanya hivyo.

Mwezi Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, miaka kumi baada ya Girubuntu kuupanda mteremko wa jukwaa la Richmond. Sisi tusemao Kiswahili tuna haki ya kufurahi kwa furaha ya jirani, kwa kuwa lugha yetu ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na vilima vile si vilima vya ughaibuni kwetu. Baiskeli katika nchi ile ni chombo cha riziki kabla ya kuwa chombo cha mchezo: hubeba ndizi, madumu ya maziwa, abiria na magunia ya viazi katika miinuko ambayo mgeni huipanda kwa kuhema. Jumapili tarehe 21 wanawake waliachiwa mmoja mmoja kutoka ndani ya ukumbi wa BK Arena, wenyeji wakiwamo, wakaenda kuvikabili vilima katika kimo cha karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mwishoni wakapanda mwinuko wa mawe wa Kimihurura kuelekea jumba la mikutano.

Aliyeshinda alikuwa Marlen Reusser wa Uswisi, tabibu kwa taaluma, aliyeingia katika mchezo huu akiwa mtu mzima. Mwaka 2020 alikuwa wa pili nyuma ya Anna van der Breggen. Mwaka 2021 wa pili nyuma ya van Dijk. Mwaka 2022 wa tatu. Mwaka 2023, katikati ya njia ya Stirling, alisimama, akashuka, akakaa kando ya barabara kwa sababu roho yake ilikuwa imechoka. Na mwaka 2024 maradhi ya muda mrefu yalimnyima Olimpiki. Huko Kigali alimaliza kwa dakika 43 na sekunde 9. Wa pili, kwa sekunde 51 na kitu, alikuwa van der Breggen yuleyule wa Imola, aliyekuwa amestaafu kisha akarudi. Wa tatu Demi Vollering, naye pia wa Uholanzi. Mtu aliyeshuka barabarani Stirling bila ya kuaibika, akarudi kwa wakati wake mwenyewe, ndiye aliyeivaa ile jezi nyeupe yenye rangi tano za upinde wa mvua mbele ya umati wa Waafrika waliojipanga tangu asubuhi pande zote za njia.

Njia aliyoipita ilikuwa ya kilomita 31.2. Ya wanaume, siku hiyohiyo, mjini humohumo, ilikuwa ya kilomita 40.6.